Filimbi ya Mzee Ndululu

Kalunde hakuwa mtu wa ubishi, isipokuwa ukimgusa kwenye mambo mawili: kola ya shati la shule, na gemu ya Farasi. Jambo la kwanza soko zima la Kibwezi lilikuwa linalijua. Mzazi angeleta kitambaa na kuomba kola ya haraka haraka, na Kalunde angemrudishia kitambaa chake bila maneno mengi, akaendelea kukanyaga cherehani. Jambo la pili lilijulikana na mtu mmoja tu, kaka yake Gedion, na hao wawili walikuwa wamebishana juu yake tangu wakiwa na meno ya utoto.

Ubishi wenyewe uliingia nyumbani ndani ya boksi. Baba yao, Mzee Kimeu, alikuwa mlinzi wa nyumba za wahandisi waliokuja kuchimba mifereji ya kumwagilia mashamba. Mmoja wao, Mjapani mpole aliyependa mahindi ya kuchoma kuliko mtu yeyote wa Kibwezi, alipomaliza kazi yake aligawa vitu vyote vya nyumba. Mpishi akapata friji. Mwosha magari akapata baiskeli. Kimeu akapata boksi, na alipolifungua akakuta mashine ya gemu ya rangi ya kijivu, vidude viwili vya kubonyeza, transfoma nzito kama tofali, na kaseti mbili za plastiki. Wenzake walimcheka mwezi mzima. Friji ile ilikufa kabla ya Krismasi, lakini hakuna aliyerudi kumwomba Kimeu msamaha.

Kaseti moja ilikuwa imechorwa mwavuli mwekundu, nyingine farasi mweupe. Hazikuwa gemu za kukimbia na kupiga risasi. Zilikuwa gemu za safari: unaongoza kikundi cha watu wadogo wadogo, wanatembea kijiji hadi kijiji kwa mstari, wanasalimia wenyeji, wananunua panga na ngao, wanapigana na madude ya porini, na kadiri unavyokwenda ndivyo hadithi inavyofunguka. Taabu ni kwamba hadithi ilikuwa kwenye maandishi, na maandishi yote yalikuwa ya Kijapani. Katika nyumba ya Kimeu hakuna aliyejua hata herufi moja.

Basi watoto wakajitungia. Muziki ndio uliowaongoza. Ukipoa, walijua kuna mtu analia. Ngoma zikianza kwenda mbio, walijua waondoke hapo upesi. Mfalme wakamfanya chifu, malkia wakamfanya mke wa chifu anayeuza ploti za watu, na yule mzee wa kwenye gemu ya Mwavuli, aliyebeba gunia na kutembea wa mwisho siku zote, wakamwita Ndululu, kwa sababu huko kwao Mukuyuni kulikuwa na Ndululu wa kweli aliyekwenda kusaga unga asubuhi na kurudi jua likizama.

Gedion alishika Mwavuli, Kalunde akashika Farasi, na vita vikaanza.

"Farasi ni matarumbeta ya harusi," Gedion alikuwa akisema. "Ukisikia mara moja umesikia yote. Pa-pa-paa, bibi harusi ameingia, tuleni pilau."

"Na yako ni ya nini? Ngoma moja na nyuzi mbili, kama mtu anagonga mlango na hakuna mtu nyumbani."

"Ndiyo. Huo ndio utamu wake, Susu."

Alimwita Susu, yaani nyanya, kwa kuwa Kalunde alipewa jina la mama mzaa baba, na Gedion hakuchoka kumtania kwa hilo hata walipokuwa watu wazima wenye mvi. Kalunde naye hakukubali kushindwa. Katika Farasi, kila mtu mpya alipojiunga na kikundi, chombo kipya kiliongezeka kwenye muziki, mpaka mwisho wa gemu ukawa unatembea na bendi nzima nyuma yako. Muziki wa vita ulikuwa na ngoma ya kukuinua kitini. Muziki wa nyumba ya wageni, pale kikundi kinapolala, ulikuwa mtamu hata baba yao aliuimba akifunga geti. Kalunde alikuwa ameicheza Farasi mpaka mwisho mara nyingi, na kila mara ilimwacha na furaha. Mwavuli hakuna aliyewahi kuimaliza.

Sababu ya kutoimaliza ilikuwa filimbi. Mwanzoni mwa Mwavuli muziki wa njiani ulikuwa mkavu kweli, kama Kalunde alivyosema. Lakini kikundi kikifika darajani, Ndululu anajiunga na gunia lake, na papo hapo filimbi inaingia juu ya ile ngoma, inazunguka, inashuka, inauliza kitu na kujijibu yenyewe. Hata Kalunde, akiwa mkweli, alikiri kwamba Farasi yote haikuwa na kitu kama hicho. Halafu safari inaendelea vijiji vingi mpaka kisimani. Hapo kisimani Ndululu anakaa ukingoni, maandishi yanapita marefu, kioo kinakuwa cheusi, na kikirudi, kikundi kiko nje njiani. Ndululu hayupo. Filimbi haipo.

Sasa, televisheni yao ilikuwa na ugonjwa wake: sauti ikikatika, picha nayo haikukawia kufuata. Kwa hiyo watoto wale waliona jambo moja tu: kaseti ina vumbi, imemeza filimbi, na imemmeza Ndululu pia. Dawa ya vumbi kila mtoto aliijua. Unazima, unachomoa, unapuliza mdomoni mwa kaseti, unarudisha. Wakipuliza na kuanza upya, filimbi inarudi darajani safi kabisa, ushahidi kwamba vumbi limetoka. Wakifika kisimani, vumbi limeingia tena. Kimeu aliipeleka kaseti kwa fundi wa redio, na fundi akaipangusa kwa spiriti, akasema sasa iko sawa. Haikuwa sawa. Walianza upya miaka nenda miaka rudi, na kila mara walirudi nyuma palepale.

Kabla ya kuzima, Gedion alikuwa na mchezo wake. Filimbi ikikatika, alipiga mluzi sehemu ile ile iliyokosekana, bila kukosea hata mahali pamoja, na kikundi kikatembea kidogo mbele, mpaka kwenye kilima, kabla ya yeye kuishiwa pumzi na kuangua kicheko. Kalunde alitamani kumsaidia, ila nyanya mwenyewe, mwenye jina, alikuwa amemkataza kabisa. Msichana wa kwao hapigi mluzi. Ungemsikia yule bibi kizee akifoka kutoka jikoni, ungedhani mtoto amechoma nyumba.

Wakakua. Kalunde akaolewa, akafiwa, akabaki na cherehani na nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya soko. Gedion hakuoa. Lori lilikuwa limemwoa. Alibeba saruji kutoka Mombasa na vitunguu kwenda Mombasa, na alipopita Kibwezi alisimama kwa dada yake, na dalili ya kwamba amefika ilikuwa ule mluzi wa Ndululu kutoka getini. Kila Desemba alichukua likizo, wakaitoa mashine chini ya kitanda, wakacheza Mwavuli mpaka kisimani, filimbi ikakatika, Gedion akapiga mluzi, wakacheka, wakazima. Kwamba kungekuwa na maelezo mengine hawakuwahi kufikiri. Ni kitu walichokijua tangu utotoni, na nani ana muda wa kukagua vitu vya namna hiyo.

Mwaka juzi mluzi ulikuja getini umepasuka. Gedion akasema ni mafua. Baadaye chakula kikaanza kumkwama, akawa anakula uji tu, na walipokwenda kupimwa, daktari alimwita Kalunde pembeni na kumwambia ni saratani ya koo, imeenea, wampeleke nyumbani wakae naye vizuri. Kalunde alirudi kwenye benchi alipokuwa ameketi kaka yake na kumwambia daktari amesema apumzike.

Usidhani alidanganya kwa kupenda. Kanisani kwao kulikuwa na sheria isiyoandikwa, na Mchungaji Mutisya aliirudia siku alipokuja kuomba nyumbani, mkono wake mzito juu ya kichwa cha Gedion. "Katika nyumba hii hakuna mtu atakiri kifo," alisema. "Mkikiri, mmekipa ruhusa. Kirini uzima tu." Akina mama wa ushirika wakasema amina kwa nguvu, na Kalunde, aliyeimba sauti ya pili kwenye kwaya tangu akiwa msichana, akasema amina pamoja nao. Tangu siku ile kila aliyeingia mlangoni alimwambia Gedion anapendeza, ameongeza mwili. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Mchungaji alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo linaloudhi: ni vigumu kumkasirikia mtu anayekuombea akilia.

Siku moja asubuhi Gedion alimwita kwa sauti yake ndogo iliyobaki.

"Susu. Ile gemu nataka niimalize."

"Ipi? Ya harusi?"

Akatabasamu. "Yangu. Nataka nione mbele ya kile kilima. Na filimbi iwe inalia, si mimi napiga mluzi. Tafuta mtu asafishe hiyo kaseti vizuri. Hawa mafundi wetu ni wa kubahatisha."

Kalunde hakuwahi kupewa kazi akaishika kwa moyo namna ile. Mtu anayepanga kumaliza kitu ni mtu anayepona, hivyo ndivyo alivyojiambia. Alifunga kaseti kwenye kitambaa cha bitana, akaenda nayo barabara kuu, kwenye duka la Bulle.

Bulle aliuza simu, chaja, na televisheni kuukuu, na kwenye rafu ya juu alikuwa na mashine za gemu za zamani ambazo hakutaka kuziuza hata ukimbembeleza. Alifungua kitambaa, akaigeuza kaseti, uso ukamng'aa.

"Wallahi, hii! Dada, umetoa wapi hii? Mimi nilicheza hii Garissa kwa binamu yangu, yetu ilikuwa imetafsiriwa Kiingereza."

"Na ya Farasi je, unaijua?"

"Naijua. Hiyo muziki yake ni kelele, usinikasirikie."

Kalunde alisahau kilichomleta. Alimweleza kuhusu bendi inayoongezeka, na muziki wa nyumba ya wageni, na Bulle akakubali nyumba ya wageni, akakataa matarumbeta, akasema muziki wa Farasi unakuambia ufurahi, lakini wa Mwavuli haukuambii kitu, unakaa na wewe tu. Ni maneno ambayo Gedion angeyasema. Kalunde alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya daktari, akafikiri, nitamleta Bulle nyumbani hawa wawili wanichangie.

"Sasa shida yake ni nini?" Bulle akauliza.

"Vumbi. Tukifika kisimani inameza filimbi, na yule mzee mwenye gunia anapotea. Tumepuliza tangu tukiwa watoto."

Bulle alimtazama kwanza kama mtu anayetaniwa. Kisha akaona hataniwi, akaiweka kaseti chini polepole.

"Dada, hii haijaharibika. Huyo mzee hufa hapo. Anaketi kisimani, anawaambia wenzake, nendeni, mimi nimefika. Filimbi ni yake, alikuwa anaipiga akitembea nyuma. Akifa, inaenda na yeye."

"Na hairudi?"

"Hairudi. Aliyetunga ameacha nafasi yake wazi mpaka mwisho. Hajaweka kitu kingine hapo."

"Kwa hivyo mbele ya kilima hakuna kitu."

"Kuko kitu! Nusu ya gemu iko mbele, dada. Nyinyi mmekuwa mkirudi katikati."

Kalunde alifunga kaseti yake, akasema asante, akatembea kurudi nyumbani na jua la Kibwezi likimchoma utosini. Alikuwa anaogopa. Alijua vizuri kwamba hawezi kumwambia Gedion habari ya Ndululu bila kumwambia habari yake mwenyewe. Maneno yalikuwa yale yale. Angeanza na kisima, na Gedion, ambaye hakuwa mjinga, angemaliza.

"Amesemaje?" Gedion aliuliza alipoingia.

"Vumbi. Ameitoa yote."

Wakaanza kucheza, mchana kidogo kila siku, Gedion akiwa ameegemea mito, Kalunde akishika kile kidude vidole vya kaka yake vilipochoka. Darajani filimbi iliingia, na Gedion akafumba macho akaisikiliza mzunguko baada ya mzunguko bila kusogeza kikundi. Zilikuwa siku njema, na Kalunde alijipa moyo kwamba labda hawatafika kisimani. Lakini Gedion alikuwa ameazimia, na wakafika.

Ndululu akakaa ukingoni. Maandishi yakapita. Kioo kikawa cheusi, kikarudi, ngoma ikaanza na zile nyuzi mbili, na mahali pa filimbi pakawa kimya. Gedion alikunja midomo apige mluzi kama kawaida yake. Ikatoka pumzi tupu. Akajaribu tena, ikatoka pumzi. Akaacha, wakakaa wakisikiliza ngoma ikienda peke yake.

"Susu."

"Eeh."

"Na kama si vumbi?"

Hakuwa anamtazama. Alikuwa anatazama kikundi kilichosimama njiani, chenye nafasi nyuma. Kalunde alikuwa na jibu mdomoni. Lilikuwa fupi, na kaka yake alikuwa amelifungulia mlango mwenyewe, kwa upole, kama mtu anavyomshikia mwenzake mlango akiwa amebeba mzigo. Wakati huo huo akina mama wa ushirika walikuwa wanaingia getini wakiimba wimbo wa uponyaji, na Kalunde akaona mkono mzito wa mchungaji, akaona amina yake mwenyewe, akaona kwamba akifungua mdomo ndiye atakayekuwa amemuua.

"Ni vumbi, Gedi," akasema. "Ngoja nipulize."

Gedion alimgeukia, akamtazama kwa muda, na hakukuwa na lawama machoni mwake. Afadhali lawama ingekuwepo.

"Sawa," akasema. "Puliza."

Akazima, akachomoa, akapuliza kwa nguvu mpaka kizunguzungu kikamshika, akarudisha, wakaanza mwanzo.

Alikufa wiki hiyo hiyo, kabla ya saa sita mchana. Kalunde alikuwa jikoni anachuja uji. Alisikia filimbi ikiingia, akajua Gedion amefika darajani, na akaendelea kuchuja, kwa kuwa ulikuwa na madonge. Filimbi ilizunguka, ikazunguka tena, na kikundi hakikuendelea, naye akadhani anaisikiliza amefumba macho kama siku zile. Alipoingia na kikombe kile kidude kilikuwa bado mkononi mwa kaka yake. Wale watu wadogo walikuwa wamesimama darajani kwa mstari, Ndululu wa mwisho, muziki ukiwa kamili na filimbi yake. Kalunde alikaa kitandani na hakuweza kuzima.

Walimzika Mukuyuni, karibu na baba yao. Kwaya iliimba, na Kalunde hakuimba sauti ya pili. Mchungaji alisema Gedion amekwenda kwa ushindi, na wasifu wake ukasomwa: amezaliwa, amesoma, ameendesha lori, amependa watu. Kila neno lilikuwa la kweli. Watu walimpa Kalunde pole, wakamsifu kwamba alimtunza kaka yake kwa imani mpaka siku ya mwisho, na kila sifa ilimchoma. Alikuwa na hasira, na hakuwa na mtu wa kumpa, maana Bulle alikuwa amemwambia ukweli na Gedion alikuwa ameuomba, na ni yeye peke yake aliyeukalia.

Alipomaliza sare za muhula mpya, alifunga kibanda mapema, akarudi nyumbani, akaitoa mashine. Alianza mwanzo, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuanzia. Kila siku baada ya kazi alicheza kidogo, darajani, vijijini, na filimbi ikamfuata nyuma mpaka akafika kisimani.

Ndululu akaketi. Maandishi yakapita, marefu, na Kalunde bado hakujua hata herufi moja, lakini safari hii aliyasoma. Kioo kikawa cheusi. Kiliporudi, ngoma ilianza, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye swichi, kama ulivyokwenda tangu utotoni. Ukafika. Akaurudisha mapajani.

Akatembea. Akapanda kile kilima na kuteremka upande wa pili, na kumbe upande wa pili kulikuwa na nchi: tambarare ya majani ya njano, mto, nyumba zenye moshi, watu waliotoka kumsalimia kwa maneno asiyoyaelewa. Gedion angewapa wote majina. Ngoma ilikwenda na zile nyuzi mbili zikaenda, na kila mzunguko ile nafasi ya filimbi ilifika, ikakaa wazi, ikapita. Ilikuwa imeachwa kwa makusudi na mtu aliyejua anachofanya. Ulikuwa muziki mzuri kuliko Farasi, na wa kumwambia hivyo hakuwepo.

Nafasi ilipofika tena, Kalunde alikunja midomo. Nyanya amsamehe huko aliko. Ikatoka pumzi tupu, kama ile ya Gedion, na akajaribu mara nyingine, na ikatoka pumzi.

Akageuka upande wa kitanda, ambacho alikuwa amekitandika shuka safi kana kwamba kuna mgeni anayekuja.

"Si vumbi, Gedi," akasema kwa sauti, ndani ya chumba kitupu. Kisha akalia, na kikundi kikamngoja njiani mpaka alipomaliza.